Neno moja la Kifaransa limenitoa jasho kazini

Shikamoo mama,

Natumaini u mzima wa afya. Mimi ni mwanamke wa miaka 31, mzaliwa wa Pangani, nina mume na watoto wawili, tunaishi Mbagala. Kazi yangu iko Kurasini kwenye ofisi ya wakala wa forodha, upande wa nyaraka. Mizigo yetu mingi ni ya transiti. Inashuka bandarini hapa Dar, inapita Tunduma, inaikata Zambia hadi Kasumbalesa, kisha inaingia Lubumbashi, Likasi na Kolwezi.

Wateja wetu wa Kongo hawana taabu kwenye simu. Wanasema "batu" na "bintu" pale sisi tunaposema watu na vitu, lakini tunaelewana na kutaniana. Taabu ni karatasi. Mtu tuliyekuwa tukipiga naye soga kwa Kiswahili dakika tano zilizopita, akituma barua pepe, yote ni Kifaransa tangu salamu hadi sahihi. Mimi nilizoea kupiga picha kwa simu, programu inanitafsiria, siku inakwisha.

Mwezi wa tatu ikaja hati kutoka kwa wasafirishaji tunaoshirikiana nao kule. Juu imeandikwa "facture d'avoir", chini dola 1,850. Simu ikaniambia hiyo ni "ankara ya kuwa na". Nikaona hilo "kuwa na" ni ujinga wa simu, nikalishika neno ankara, nikaingiza deni, ikalipwa. Baada ya wiki mbili wao wenyewe ndio waliopiga simu kuuliza kwa nini tumewatumia pesa. Kumbe walikuwa wametutoza zaidi safari iliyopita, na ile hati ilikuwa ya kutupunguzia deni. Mama, badala ya kutoa nilijumlisha!

Bosi hakunifukuza. Ila tangu siku hiyo kila karatasi ya Kifaransa inapita kwa mwenzangu mmoja aliyekulia Bujumbura. Anaisoma huku anakunywa chai, anairudisha mezani kwangu na kikaratasi cha maelezo kama mtu anayemsaidia mtoto kazi ya shule. Na sasa bosi anasema mwakani anataka kumweka mtu wa kudumu Lubumbashi wa kufuatilia mizigo, na sharti ajue Kifaransa. Macho yote yako kwa mwenzangu. Sina wivu naye. (Nimesema uongo, ninao kidogo.)

Nataka kujifunza. Mume wangu hajakataa, ila anasema akiba yetu ni ya kiwanja cha Chanika, na kwamba hata Kiingereza chetu ni cha kuombea maji, sasa Kifaransa cha nini? Kaka yangu anasema kama ni lugha basi nisome Kichina, maana migodi ya Kolwezi imejaa Wachina. Binamu wa mume wangu anasema nisome haraka twende zetu Kanada. Na mimi mwenyewe nina kidonda cha zamani. Kidato cha pili tulikuwa na somo la Kifaransa. Mwalimu alinisimamisha niseme "rouge", nikashindwa ile r, akanirudisha mara nne darasa zima likicheka. Sikurudi tena kwenye somo lile.

Je, kwa umri huu ulimi unakunjika? Na hiyo faida ya Kifaransa inayosemwa, ipo kweli kwa mtu kama mimi, au ni ya watu wa ubalozini?

Mwenye Ulimi Mzito, Mbagala

---

Marahaba mwanangu,

Nianze na hilo neno lililokuumiza. Simu yako haikukudanganya. "Avoir" ni kuwa na. Ila kwenye meza ya mhasibu "un avoir" ni kile ambacho mteja anacho kwangu, yaani nilimtoza zaidi, kiasi hiki ni chake, nitakikata kwenye malipo yajayo. Basi "facture" unadaiwa, "facture d'avoir" unapunguziwa. Hata mtu aliyesoma darasani mwaka mzima angeweza kuteleza hapo, kwa sababu walimu hulifundisha neno hilo kwa njaa na kiu, hawalifundishi kwa ankara. Kwa hiyo acha kujihukumu kama mjinga. Ulifanya kosa la mtu anayefanya kazi bila kifaa.

Umeniuliza kama ulimi unakunjika kwenye miaka 31. Samaki mkunje angali mbichi, najua, umeambiwa tangu utoto. Mimi nilikunjwa nikiwa na miaka 34, mkavu kama ng'onda.

Ilikuwa Arusha, mwaka 1998. Nilikuwa na mgahawa wa meza sita, si mbali na jengo la AICC, ambamo Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ilikuwa ikisikiliza kesi zake. Lugha za mahakama ile zilikuwa mbili, Kifaransa na Kiingereza. Shahidi akisema kwa Kinyarwanda, maneno yake yalitafsiriwa kwanza kwa Kifaransa, kisha kutoka hicho Kifaransa ndipo yakaenda kwenye Kiingereza. Yaani aliyejua Kiingereza peke yake ndiye aliyesikia wa mwisho. Mchana watu wale walishuka kuja kula, Wasenegali, Wakameruni, Wakongo, na wengi wao kwa Kiingereza hawakuweza hata kuniambia wasiwekewe pilipili. Nikajifunza "sans piment" kabla sijajua "bonjour". Baadaye nikajua "l'addition", maana hilo ndilo linaloleta pesa mezani.

Siku moja mteja mmoja, mama wa makamo, akanikaribisha tule pamoja. Nilikuwa nimeshiba, nimejaa kabisa, nikatafuta neno la kujaa nikamwambia kwa fahari: "Je suis pleine." Meza nzima ikanyamaza. Kisha bwana mmoja akaniuliza kwa upole nitazaa lini, na kama nitazaa mbuzi au ndama. Neno hilo, likisemwa hivyo, ni la mnyama mwenye mimba. Ningesema "j'ai bien mangé", nimekula vizuri, yakaisha. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini unaona, miaka mingi imepita na hilo sijalisahau, wakati maneno niliyoyakariri kwenye daftari nikiwa nimejifungia chumbani yamepeperuka.

Nakuja kwenye r yako. Umesema umezaliwa Pangani. Hebu tamka "lugha". Tamka "ghali". Tamka "ghadhabu". Usiseme "luga" na "gali" kama wanavyosema wengi wa bara, itoe gh ya nyumbani kwenu, ile inayokwaruza nyuma ya koo. Hapo hapo ndipo r ya Kifaransa ilipo, au jirani yake wa mlango wa pili. "Merci" iseme kama unasema "meghsi". "Rouge" ianze kama "ghu" halafu malizia. Ningekuwa mimi ndiye mwalimu wako wa kidato cha pili, ningekusimamisha uwafundishe wenzako wa bara.

Na huko ndiko ninakotaka kukupeleka kwa barua hii yote. Wengi wetu tunajifunza Kifaransa tukipitia Kiingereza, kwa sababu vitabu ndivyo vilivyo na walimu ndivyo walivyofundishwa. Ni kama kutoka Mbagala kwenda Kurasini kwa kupitia Bagamoyo. Kwenye mambo mengi Kiswahili kiko karibu zaidi na Kifaransa kuliko Kiingereza kilivyo.

Chukua "avoir" yako hiyo hiyo. Mswahili husema nina njaa, nina kiu, nina usingizi, nina miaka 31. Mfaransa husema "j'ai faim", "j'ai soif", "j'ai sommeil", "j'ai trente et un ans". Naye anayo njaa, anayo kiu, anayo miaka. Mwingereza yeye "ni" mwenye njaa na "ni" mwenye miaka, ndiyo maana aliyejifunza kwa kupitia kwake husema "je suis trente et un", na watu hushindwa kuelewa amekuwaje namba.

Au tazama "nakupenda". Na, ku, penda. Mfaransa: je, t', aime. Anayependwa amekaa katikati, kabla ya kitendo, kama kwetu. "Je vous envoie la facture" ni nawatumia ankara, na hiyo "vous" imekaa palepale ilipo "wa". Wanafunzi waliokulia Kiingereza huumia miezi kwenye jambo hili. Wewe ulilimudu ukiwa unanyonya. Sifa nazo kwa kawaida hukaa nyuma ya jina, nyumba nyeupe, "maison blanche", na sifa hugeuka kulifuata jina lake. Wageni hulia kwamba Kifaransa kina jinsia mbili za majina, cha kike na cha kiume, na kila sifa igeuke. Mbili! Mtu aliyelelewa na ngeli za m-wa, ki-vi, u-i, li-ya na ndugu zao wote, anatishwa na mbili? Fanya kama unavyofanya kwa kiti na viti. Usilibebe neno peke yake, libebe na kichwa chake: "la facture", "la douane", "la remorque", "le camion", "le conteneur". Maneno yanayoishia na -tion karibu yote ni ya kike, yanayoishia na -ment mengi ni ya kiume. Mengine utakosea, na atakayekusikia ataelewa tu.

Sitaki nikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Yapo yatakayokusumbua. Sisi tunasoma kila herufi iliyoandikwa, wao wanaandika herufi nyingi na kuzimeza. "Beaucoup" ni "boku", basi. Sauti za puani, "an", "on", "in", zitakuchanganya masikioni kabla ya mdomoni. Na ile u yao, midomo ya u na ulimi wa i, mimi iliniweka mbele ya kioo kama mwali. Vitenzi vina sura nyingi kuliko haja. Hayo huyamalizi kwa wiki sita, na yeyote anayekutangazia Kifaransa cha wiki sita mpite kwa mbali.

Sasa kazi yako. Anza na karatasi zako mwenyewe. Fungua daftari, chukua nyaraka za miezi mitatu iliyopita na uzichambue: "connaissement" ndiyo BL yako, hati ya mzigo wa meli, "liste de colisage" ni orodha ya vilivyopakiwa, "lettre de voiture" ni hati ya mzigo wa lori na haihusu gari dogo, "dédouanement" ni kuklia mzigo, "poids brut" ni uzito pamoja na vifungashio, "échéance" ni siku ya mwisho ya kulipa. Utashangaa jinsi maneno yale yale mia mbili yanavyojirudia. Zijue pia herufi za ofisi za huko: DGDA ni forodha yao, OCC ni wakaguzi wa bidhaa, na OGEFREM ndio wa ile fomu ya FERI inayotakiwa kabla mzigo haujafika. Hizo pengine unazijua kuliko mimi.

Kisha namba, na hapa nisikilize sana, kwa sababu hapa ndipo hasara nyingine inapokungoja. Darasani utafundishwa kwamba 70 ni "soixante-dix", sitini na kumi, na 90 ni "quatre-vingt-dix", ishirini nne na kumi. Ndivyo wanavyosema Ufaransa. Lakini Kongo, Rwanda na Burundi walitawaliwa na Wabelgiji, na huko 70 ni "septante" na 90 ni "nonante". Mteja wako wa Lubumbashi akisema "nonante-cinq" katikati ya Kiswahili chake, na huko bei na tarehe hupenda kusemwa kwa Kifaransa, anasema 95. Mwalimu aliyesomea Paris anaweza asikuambie. Jifunze zote mbili.

Kwenye maandishi, jihadhari na mkato. Sisi tunaandika 12,500 tukimaanisha elfu kumi na mbili na mia tano. Wao mkato ndio nukta yetu ya desimali. Tani 12,500 kwenye karatasi yao ni tani kumi na mbili na nusu. Elfu wataitenga kwa nafasi au kwa nukta, 1 850,00 au 1.850,00. Hili halihitaji hata kujua lugha, ukilijua leo limekwisha leo. Bandika karatasi ukutani.

Utahitaji na adabu ya barua. Mtu wa Kifaransa hakuingii moja kwa moja, hata dukani bila "bonjour" umeonekana huna malezi. Barua rasmi wanaifunga kwa sentensi ndefu kama kanzu ya bwana harusi, "Veuillez agréer, Monsieur, l'expression de mes salutations distinguées". Vijana wa kwetu hucheka. Lakini wewe umeniandikia "natumaini u mzima wa afya", na wazee wetu waliandika "ama baada ya salamu", basi unajua ni kitu gani hicho. Iandike ilivyo, usibadilishe neno.

Darasa unalihitaji pia, usijidanganye na simu peke yake. Upanga kuna Alliance Française, tawi la jumuiya iliyoanzishwa Paris mwaka 1883 kwa kazi hiyo hiyo ya kufundisha Kifaransa kwa wageni. Ukienda, uliza ratiba ya jioni na ya Jumamosi, uliza ada kwa kila hatua, usilipe hatua tatu kwa mkupuo. Uliza mtihani wa DELF. Una ngazi nne, A1, A2, B1 na B2, na kila ngazi hupima mambo manne, kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea, kila moja alama 25. Ukipata 50 kwa jumla, na pasipo na sehemu uliyoshuka chini ya 5, umefaulu, na cheti hakiishi muda maisha yako yote. Ipo pia DELF Pro, iliyotengenezwa kwa mambo ya kazini, uliza kama wanayo.

Njiani, badala ya kusikiliza ugomvi wa kondakta, weka spika za masikioni. RFI, redio ya Ufaransa, wana taarifa ya habari ya kila siku ya dakika kumi kwa Kifaransa chepesi, "Journal en français facile". TV5MONDE, televisheni ya Kifaransa, wana mazoezi ya bure kwa ngazi. Na kwa kuwa RFI wana idhaa ya Kiswahili, sikiliza habari kwa Kiswahili asubuhi, jioni usikilize ya Kifaransa. Mara nyingi utakuta habari unaijua tayari, kilichobaki ni maneno.

Itachukua muda gani? Kwa kawaida A1 huhesabiwa saa 60 hadi 100 za masomo, B1 saa 350 hadi 400 ukijumlisha tangu mwanzo, na B2, ile ya kufanya mkutano bila kutokwa jasho, saa 550 hadi 650. Wewe ukijipangia saa 6 kwa wiki, kwa wiki 40 ni saa 240. Kwa hiyo mwakani utasoma nyaraka zako mwenyewe na utaandika barua fupi. Hutakuwa umeiva kumzidi mtu aliyekulia Bujumbura. Nafasi ya Lubumbashi, kama inatolewa mwakani kweli, ni ya mwenzako, na ni haki yake. Nakuambia mapema ili usije ukaacha darasa siku atakapotangazwa.

Tena hukuniambia kama unaitaka nafasi ile. Una watoto wawili na mume mwenye kiwanja kichwani. Umeandika kwamba macho yote yako kwa mwenzako, hukuandika kwamba usiku unaota Lubumbashi. Inawezekana unachotaka ni karatasi zako zirudi mezani kwako. Hicho ni kitu kidogo zaidi, na ndicho kilicho karibu.

Kaka yako ana hoja. Wachina wako wengi kwenye migodi ya Kolwezi, na anayejua Kichina hafi njaa. Ila serikali ya Kongo inaandika kwa Kifaransa, forodha yake inaandika kwa Kifaransa, na Mchina mwenyewe akiingiza mtambo pale Kasumbalesa anajaza fomu ya Kifaransa. Kichina kitakudai miaka kwenye kuandika tu. Mwambie aanze yeye.

Binamu naye hakutunga. Kanada inawapa pointi za ziada waombaji wanaojua Kifaransa, na tangu 2023 ina awamu maalumu za kuwachagua wao. Ila kiwango kinachotakiwa huko, kwenye stadi zote nne, kinakaribia hiyo B2, mitihani yake ni ya TCF au TEF, ambayo matokeo yake huisha baada ya miaka miwili, na bado kuna elimu, umri na pesa za kuonyesha benki. Usiuze kiwanja kwa ajili ya maneno ya kwenye harusi. Na akitokea wakala wa kukuambia atakuingiza Kanada kwa Kifaransa cha salamu, shika mkoba wako vizuri.

Mumeo usimbishie kwa maneno. Ameuliza Kifaransa cha nini, na swali lake ni zuri. Mwonyeshe. Hesabu kwa wiki mbili karatasi ngapi za Kifaransa zinapita ofisini, na ngapi zinamngoja mwenzako wakati lori limesimama linahesabiwa siku. Kisha hesabu hiyo hiyo mpelekee bosi, umwombe ofisi ilipe ada nusu. Bosi aliyetoa dola 1,850 kwa sababu ya neno moja anajua bei ya kutokujua, wala hutahitaji kumkumbusha. Akikubali, mazungumzo ya nyumbani yatakuwa mafupi. Akikataa, anza na A1 peke yake kwa pesa yako, kiwanja kitachelewa kidogo tu, na kama baada ya hapo moyo haumo, utakuwa umejua.

Umeuliza kama faida hii ni ya watu wa ubalozini. Kwa hesabu ya shirika la nchi zinazozungumza Kifaransa ya mwaka 2022, watu milioni 321 duniani wanakisema, na zaidi ya nusu yao wako Afrika. Rwanda na Burundi tuko nao kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, Kongo ikapokelewa mwezi Machi 2022. Huko Komoro, ng'ambo ya maji, Kifaransa ni lugha mojawapo ya serikali. Watu wa ubalozini wanakitumia kwenye tafrija. Wewe unakitumia kwa lori lenye kontena la futi arobaini. Hata kanisani kwa Wakristo wakisema divai wanasema Kifaransa, "du vin", bila kujua. Mie nilipoambiwa hivyo nilicheka, miaka yote nilidhani ni Kilatini.

Nimemwacha mwenzako wa Bujumbura mwisho kwa makusudi. Unakaa meza moja na mtu ambaye watu wengine wanalipa ada ili wampate saa mbili kwa wiki, na wewe unamnunia. Kile kikaratasi cha maelezo anachokuwekea, sidhani kama anakudharau. Anayedharau haandiki maelezo, hurudisha kazi iliyokwisha na kunyamaza. Muombe kesho asikutafsirie, akae tu uisome wewe, akurekebishe. Na yeye naye muulize ana shida gani kwenye barua za TRA na Kiswahili cha ofisini. Mtu aliyesoma shule Burundi hakosi la kuuliza.

Jumatatu ukifika, kabla hujawasha kompyuta, mwambie "Bonjour, tu as bien dormi?", yaani umeamkaje. Atakutazama, kisha atacheka. Mwache acheke, mpe andazi, halafu fungua lile jalada la mwezi wa tatu muisome ile hati pamoja tangu juu hadi chini.